Mama Mizani na Jozi ya Matairi Iliyomshinda Kuchagua

Baada ya miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta ya matairi, Mama Mizani anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sherehe itaanza saa tisa alasiri humu humu dukani, kati ya rafu ya matairi na benchi la ufundi, kwa sababu ukumbi aliotafutiwa na mwenye duka aliukataa. Alisema hawezi kuagwa mahali pasipo na harufu ya mpira mpya. Wageni wanaombwa wasiegemee baiskeli zilizoning'inizwa ukutani, zimeshauzwa.

Hakuja hapa kutafuta kazi. Alikuja kununua tairi moja la baiskeli ya mumewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili, akamkuta muuzaji akimsifia mteja mwingine tairi ambalo lisingeingia kwenye foki ya baiskeli yake hata kwa sala. Akaingilia mazungumzo yasiyomhusu. Mwenye duka wa wakati ule, baba wa huyu wa sasa, aliona ni nafuu kumwajiri kuliko kubishana naye kila mwisho wa mwezi. Miaka imepita na ubishi haujapungua, ila sasa analipwa kwa ajili yake.

Wageni wasiotufahamu waelewe kwamba mji wetu una ugonjwa wa triathloni. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, watu wazima wenye akili zao, walimu, wauguzi, madereva, hujitosa kwenye bwawa la maji asubuhi, huogelea, hutoka wakitiririka maji na kurukia baiskeli, na wakishuka kwenye baiskeli hukimbia kwa miguu mpaka kwenye utepe. Hakuna anayewalazimisha. Wiki chache kabla ya siku hiyo wote hupita mbele ya Mama Mizani kuuliza nivae tairi gani. Wangekuwa wanauliza tu, angestaafu akiwa na sauti yake kamili. Tatizo ni kwamba huja na jibu mkononi. Huyu anataka tairi jembamba kuliko yote, lijazwe upepo mpaka liwe gumu kama kokwa. Yule anataka lenye vinundu vingi kwa kuwa linaonekana kali, ingawa njia yote ni lami tupu, na juu ya lami vinundu hivyo vinamnyonya mpandaji nguvu bure.

Yeye huwasikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza swali moja: una kilo ngapi? Mtu mzito huhitaji tairi pana kidogo na upepo wa kutosha. Mwepesi akijaziwa upepo wa mzito atarushwarushwa barabarani kama bisi kwenye sufuria. Hakuna jozi moja inayomfaa kila mtu, kama ambavyo hakuna shati moja linalomtosha kila mtu, na hilo Mama Mizani hakuhitaji kufundishwa, kwa kuwa ameolewa na fundi cherehani.

Hapo kwenye kilo ndipo mji ulipoonesha tabia yake. Watu waaminifu kabisa, wanaorudisha chenji iliyozidi, walidanganya bila kupepesa. Walitaja kilo za siku ya harusi yao. Walitaja kilo wanazotarajia kuwa nazo. Mwenye duka wetu wa sasa, ambaye tunamheshimu na ndiye anayelipia chai ya leo, alitaja uzito ambao mara ya mwisho alikuwa nao akiwa shule. Mama Mizani akamwamini, akachagua tairi na kujaza upepo kwa mujibu wa maneno yake. Kwenye shimo la kwanza baada ya bwawa, rimu iliibana tyubu dhidi ya lami na upepo wote ukatoka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake iliishia mbele ya kituo cha mafuta, ambapo wateja wake watatu walimpita mmoja mmoja wakimpa pole. Alirudi dukani ameibeba baiskeli begani, na kwa siku nzima hakuna aliyethubutu kumwuliza habari za mashindano, isipokuwa Mama Mizani, ambaye aliuliza mara nne.

Jumatatu yake Mama Mizani alikwenda nyuma ya duka, akaikokota mizani ya kupimia mizigo, na kuiweka kando ya kaunta. Ni ile mizani ya jukwaa, yenye uso wa mviringo na mshale. Akaugeuzia uso huo upande wake ili asome yeye peke yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuziwa tairi la mashindano bila kupanda juu, awe daktari, awe kiongozi wa dini, awe mwenye duka. Aliyekasirika aliambiwa kauli ambayo sasa kila mtu mjini anaijua: uzito ni wako, upepo ni wangu. Jina la Mama Mizani lilianza wiki hiyo hiyo na likashika kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Naomba jambo moja lisemwe kwa uzito wake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoa kilo za mtu. Hakuziandika popote, amezifungia kichwani, za mji mzima, na kwenye daftari la mauzo utakuta tairi tu. Kijana mmoja aliwahi kuja kwa ujanja kuulizia kilo za mchumba wake. Aliondoka na kengele ya baiskeli ambayo hakuihitaji, na jibu hakulipata.

Asije mtu akafikiri kwamba tunayemuaga ni malaika. Kwa miaka mingi Mama Mizani alikosea, tena kwa sauti kubwa. Aliamini kwamba tairi jembamba na gumu ndilo linalokimbia, na aliwauzia watu matairi ya milimita ishirini na tatu yaliyojazwa mpaka ukiyagonga kwa ukucha yanalia. Mkunga wa zahanati peke yake ndiye aliyekataa. Alisema mikono yake ni ya kupokelea watoto na haiwezi kutikiswa hivyo, akachukua ya milimita ishirini na nane na kuomba yaachwe laini kidogo. Mama Mizani alimuuzia huku akimhurumia. Asubuhi ya mashindano baiskeli zote zilipangwa kwenye uwanja wa wazi, wenyewe wakaingia majini, jua likapanda. Upepo ukipata joto huvimba. Tairi la kwanza lilipasuka karibu kabisa na Mama Mizani, aliyekuwa amesimama pale akijivunia kazi yake, na mlinzi wa uwanja akalala chini kifudifudi. Yalipasuka manne kwa jumla, yote yakiwa ameyajaza yeye. Mkunga alitoka majini wa mwisho, akapanda matairi yake mapana, na akafika kwenye utepe kabla ya wateja wote wa duka hili.

Kosa hilo lilimchukua mwezi mzima kulimeza. Kwanza alililaumu jua, halafu kiwanda. Halafu akamchukua fundi wa magurudumu, ambaye ndiye mwandishi wa maneno haya, akampeleka kwenye mteremko ulio nyuma ya duka. Alinichagua mimi kwa sababu, kwa maneno yake, uzito wangu haubadiliki hata nile nini. Niliteremka bila kukanyaga pedeli, mara kwa matairi membamba, mara kwa mapana, na kila baiskeli iliposimama yenyewe alichora mstari wa chaki. Tulirudia mpaka majirani wakatoa viti nje. Kila mara mapana yalifika mbali zaidi. Lami yetu ina mikwaruzo na viraka, na tairi gumu hurukaruka juu yake wakati tairi lenye ulaini kidogo linapita. Kupotea njia ndiko kujua njia. Kesho yake alisimama mlangoni na kumwambia kila mteja aliyeingia, hata waliofuata mafuta ya cheni, kwamba kwa miaka yote amekuwa akiwapoteza. Mmoja alidai arudishiwe pesa yake, akarudishwa nyumbani na somo refu kuhusu jua.

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua sote. Tangu tumjue, Mama Mizani amekuwa akisema kwamba akistaafu atashindana. Tulidhani ni maneno ya kupitisha siku. Kumbe kwa mwaka mzima amekuwa akijifunza kuogelea na mkunga kila Jumamosi, na namba yake ya mashindano imeshafika, ya Jumapili hii, siku mbili baada ya sherehe. Baiskeli anayo. Ina fremu nzuri, mnyororo mpya, na magurudumu niliyoyanyoosha mwenyewe spoki kwa spoki. Kitu pekee ambacho haina ni matairi.

Mtu huyu, anayemchagulia mgeni jozi kabla chai yake haijapoa, ameshindwa kujichagulia. Asubuhi huchukua ya ishirini na tano, jioni huyarudisha kwenye rafu. Kesho huchukua ya ishirini na nane, anayatazama, anakumbuka kwamba ana shughuli. Wahenga walishasema kwamba kinyozi hajinyoi. Lakini mumewe alituambia ukweli, na aliusema kwa sauti ya chini akiwa na pini mdomoni: mkewe anaogopa. Kila mtu aliyempima na kumkaripia atakuwa kando ya barabara akimtazama. Na rimu zisipovalishwa matairi, hakuna wa kumlaumu kwa kutokwenda. Roho ilituuma. Tukaamua tumchagulie sisi.

Kumbe tulikuwa hatujafikiri. Ili kumchagulia tulihitaji kilo zake, na Mama Mizani, katika miaka thelathini na mmoja, hajawahi kupanda mizani ile. Mkunga tulipomuuliza alitutazama mpaka tukaangalia chini. Mume wake alisema anajua kiuno, anajua mabega, anajua urefu wa mkono, lakini kilo hajawahi kuuliza, na ndiyo maana ndoa ina afya. Mhasibu wa duka alimwomba Mama Mizani aijaribu mizani kwa madai kwamba mshale unakwama. Akaweka juu yake boksi la tyubu, akasoma, akaendelea na kazi. Mwenye duka alimwomba apande ameshika katoni, eti tupime katoni. Alimkabidhi mwenye duka katoni hiyo na kumpandisha yeye. Kwa uso alioteremka nao, hali ya kilo zake si nzuri.

Ndipo likaja wazo la zulia. Wageni mtaona mbele ya kaunta kuna kijukwaa kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa chekundu, kilichoshonwa na mume wa mstaafu kwa pindo safi sana. Hapo ndipo Mama Mizani ataombwa asimame wakati wa kupokea zawadi. Chini ya kitambaa kuna mnachokijua. Uso wa mizani umeelekezwa kwenye benchi langu. Miwani yake ya kusomea iko mfukoni mwa mumewe, na itapatikana baada ya keki, kwa hiyo ukurasa huu hatausoma mapema. Tunaomba msicheke wakati anapopanda.

Nilikuwa nimeishia hapo, na nimejipongeza. Jana mchana nilikuwa nimepiga magoti nikibana kitambaa, Mama Mizani akapita na kikombe chake cha chai. Akasimama. Akatazama kitambaa, akanitazama mimi, akainama na kukinyoosha kona moja iliyokuwa imekunjamana. Kisha akaugeuza uso wa mizani kidogo, kwa sababu nilivyouweka mimi hata watu wa viti vya mbele wangesoma. Akanywa chai yake. Halafu akaniambia, bila haraka yoyote, kwamba mizani ile inapunguza kilo mbili, nisisahau kuongeza.

Kumbe aliirekebisha mwenyewe tangu wiki ya kwanza, kwa bisibisi, ili kila aliyechungulia mshale ateremke na furaha. Zile mbili alikuwa akiziongeza kichwani wakati wa kujaza upepo. Mji mzima umependelewa kwa siri na mwanamke ambaye mji mzima unamwogopa. Wageni wote mliowahi kupimwa hapa, na najua mlivyo wengi, poleni kwa habari hizi, mtazizoea.

Basi, Mama Mizani, ukikanyaga kile kitambaa leo nitasoma, nitaongeza mbili, na nitanyamaza mpaka kaburini. Rimu zako zitavalishwa matairi mbele ya macho yako, na matairi hayo hayatarudi kwenye rafu. Tunakushukuru kwa kila pancha uliyotuepusha, na kwa zile nne ulizotuletea. Jumapili tutakuwa kando ya barabara, sisi sote uliotupima, na hakuna atakayekupima. Tutakuwa tumekuja kukupigia makofi hata ukifika jua limezama. Uzito ni wako, Mama. Upepo, safari hii, ni wetu. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya na amani, ila yaanze Jumatatu.