Vifaranga wa Anjela Walipokwama Namanga

Kijiwe chetu kiko Daraja Mbili, kibarazani kwa Anjela anayeuza vifaranga na chakula cha kuku, katikati ya cherehani yangu na duka la spea la Prakash, ambaye sisi tunamwita Nati. Benchi ni la wote, kahawa ni ya Loishiye, na neno la mwisho ni la Abdiel, mstaafu wa posta tuliyembandika jina la Balozi kwa sababu aliwahi kupelekwa semina Nairobi. Asubuhi hiyo ya Julai upepo wa baridi ulikuwa unateremka kutoka Mlima Meru, na hakuna aliyethubutu kumtazama Anjela usoni. Alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Mumewe, Prosper, alikuwa amekwama mpakani Namanga na maboksi ya vifaranga alioenda kuwapokea. Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wamepandisha ushuru wa mchele wetu, nasi tukajibu mapigo kwa kupandisha ushuru wa vifaranga wao, mafuta yao ya kupikia na spea zao. Ushuru huo mpya Prosper hakuuweza, na tangu jana simu yake ilikuwa haipatikani, wala Anjela hakutia kitu mdomoni.

— Anjela, nikamuuliza, kifaranga anakaa muda gani bila kula?

— Siku mbili, tatu akijitahidi. Anaishi kwa kiini cha yai alichoanguliwa nacho tumboni. Kikiisha, na yeye ameisha.

Akaingia ndani. Balozi akakohoa.

— Tuvumilie tu. Serikali imefanya vizuri. Dawa ya moto ni moto.

— Moto gani, bwana? Nati akaruka. Mimi ndiye ninayeungua! Mtu anakuja kuulizia filta ya Probox, namtajia bei, ananisalimia upya kama tuko msibani, halafu anaondoka.

— Watajifunza hao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Sasa kamba ndiyo nini hapo?

— Kamba ndiyo ushuru.

Loishiye alikuwa anapuliza mkaa. Akainua kichwa.

— Nyie mnahangaika na kuku. Hili jambo ni la mlima.

— Mlima upi tena?

— Kilimanjaro! Chukueni ramani, mtaona mpaka unakuja umenyooka, ukifika pale unapinda. Wenzetu hawajawahi kusahau ile kona. Mchele ni kisingizio, vifaranga kisingizio. Wanautaka mlima wao.

— Aisee, watauchukuaje?

— Polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Balozi hakupenda kuzidiwa. Akasogea mbele, akashusha sauti.

— Sasa niwaambie msilolijua. Kuku ni mnyama wa uani. Anaona nani ana gari, nani amejenga, nani anakula nyama katikati ya wiki. Ukimfungia kidude mguuni, kila kitu kinasomeka ng'ambo. Kwa nini unadhani wanatuletea wadogo? Ili wakulie humu humu, wajue lugha!

Nilicheka, nikajuta, maana Anjela alikuwa amerudi mlangoni na macho yake yalikuwa mekundu. Wakati huo huo akashuka kwenye bodaboda mama mmoja wa makamo, amebeba kapu.

— Hamjambo hapa?

— Shikamoo mama, tukaitikia karibu pamoja.

— Marahaba. Naitwa Mama Magreth, natoka Tengeru. Nimefuata vifaranga wangu. Banda nimeshaliandaa.

Anjela akamweleza habari ya Namanga. Balozi akaingilia kumtuliza.

— Usiwe na wasiwasi, mama. Huu ushuru ni wa kuwaadhibu wale wa ng'ambo.

— Sawa, baba. Anaulipa nani?

— Wao.

— Sasa mbona mume wa huyu binti ndiye aliyezuiliwa alipe?

Balozi akafungua mdomo. Akamtazama Nati, Nati akamtazama Loishiye, Loishiye akainamia mkaa wake.

Ndipo Noah nyeupe iliyogeuka nyekundu kwa vumbi ilipopinda kona, ikasimama mbele yetu. Prosper akateremka, midomo imempasuka kwa baridi.

— Wametuachia! Wakubwa wa pande zote mbili wamekubaliana ushuru urudi kama zamani, wao waendelee kuongea. Simu iliisha chaji, mke wangu. Nisamehe.

Anjela alifungua mlango wa nyuma wa gari, akavuta boksi la juu. Lilikuwa kimya. Sote tukasimama. Akaondoa kifuniko, akaingiza mkono, na kile kimya kikapasuka: pii, pii, pii, kwanza mmoja, halafu boksi zima, halafu gari zima.

— Wachache wamekufa njiani, Prosper akasema. Ningewapoteza wote. Kuna mama lishe wa upande wa pili wa mpaka, usiku aliniruhusu niwaweke karibu na jiko lake. Hata jina hakuniuliza.

— Tuwaingize haraka, Anjela akasema. Wanataka joto, na umeme umekatika tangu alfajiri.

Loishiye akatazama birika lake lililokuwa linaanza kuchemka. Akaliinua, akaliweka chini barabarani, akabeba jiko na mkaa wake wote mpaka ndani.

— Kahawa je? Nati akauliza.

— Leo hakuna kahawa, machalii. Beba boksi.

Tukabeba. Mimi nilitandaza maranda ya mbao sakafuni, Nati akaleta turubai la kuziba upepo dirishani. Mama Magreth alivua khanga ya begani akazungushia boksi lililokuwa na wale wanyonge. Balozi, na suti yake ya ustaafu, alipiga magoti sakafuni akichovya midomo ya vifaranga kwenye maji, mmoja mmoja, kama Anjela alivyomwonyesha.

— Anakunywa! akapaza sauti. Jamani, huyu anakunywa!

Kidogo kidogo wakaacha kulia kwa fujo, wakajikusanya kuzunguka jiko, manjano matupu, wengine wakisinzia wakiwa wamesimama. Anjela akaketi juu ya gunia la pumba, akaegemeza kichwa kwenye bega la mumewe lenye vumbi, akashusha pumzi ndefu.

— Prosper, akasema, sasa nasikia njaa.