Fundi Sikio na Pikipiki Isiyozimwa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watatu. Wa kwanza ni mimi ninayesoma. Wa tatu ni kitinda mimba wetu, yule aliyeketi mbele na miwani myeusi. Ndugu wameniomba nisiseme mabaya leo. Nimewasikia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1982. Kuandika hakukuwa fani yake, lakini masikio yalikuwa makali. Tulipokuwa wadogo alijua mama kakasirika kwa jinsi sufuria zilivyotua mezani, akanivuta mkono tutoke nje kabla hatujaitwa.

Mwaka 1989 alifungua gereji ya pikipiki. Kitinda mimba wakati huo hakuwa na mbele wala nyuma. Marehemu alimchukua, akamfundisha kazi tangu kushika spana. Yeye mwenyewe hakuwa na pupa ya kufungua injini. Alimtaka mwenye pikipiki aizungushe mpaka ipate moto, aizime, aiwashe tena, huku yeye ameinama anasikiliza.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani. Alikuwa anapita mlangoni kwake, akasimama na kusema, "Samahani dada, cherehani yako inalia upande wa kushoto." Wifi alidhani ni mbinu ya kumtongoza. Mbinu ilikuwepo, lakini na cherehani ilikuwa inalia kweli.

Sasa nifike pale ambapo ndugu walitaka nipite juu juu. Kitinda mimba alinunua pikipiki kubwa, ya kuwasha kwa kitufe tu, isiyo na kiki ya kupiga kwa mguu. Mchana mmoja alirudi kutoka mizungukoni, akaizima, akaiwasha tena. Ikasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Marehemu akainua kichwa.

"Hiyo ni klachi ya stata," alimwambia. "Vipande vyake vya kushika injini vimelika. Ikiwa baridi vinashika, ikipata moto vinateleza, ndiyo maana inasaga. Ifungue mapema, mdogo wangu."

Kitinda mimba hapendi kuambiwa kitu mbele za watu. Alisubiri asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, akawaita wateja, akabonyeza kitufe. Ikawaka bila kelele.

"Jamani, mmesikia kitu?" akauliza. "Kaka masikio yamekwisha. Na nyie bado mnamwachia injini zenu?"

Watu walicheka. Wengine mko hapa, na nawaona. Kuanzia siku ile Fundi Sikio akaitwa Fundi Kiziwi. Wateja wakahamia kwa mdogo mtu, na mwishowe marehemu akaondoka kwenye gereji aliyoianzisha, akawa anatengeneza baiskeli za majirani barazani kwake. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo sijaitua.

Nikaanza kumwangalia yule bwana mdogo. Akienda dukani, haizimi pikipiki. Anaiacha inaunguruma nje. Akienda kwa kinyozi, hivyo hivyo. Akilazimika kuizima, anaiegesha kwenye mteremko ili aiteremshe iwake bila kitufe. Kama hakuna kelele, alikuwa anakimbia nini?

Mwaka jana figo za marehemu zilianza kusumbua. Hospitali, kitinda mimba alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, helmeti mkononi. "Pole kaka. Ngoja niwahi, pikipiki iko nje." Hata kiti hakukalia. Alipoondoka, mgonjwa aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Hajaizima," alisema. "Dada, anajua. Si angeniambia tu?"

Alilingoja neno hilo mpaka alfajiri ya tarehe 14 mwezi huu, alipotutoka. Halikuja. Hilo sijalisamehe, na sijajaribu.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu wanne, dada mmoja, na mdogo mmoja.

Mdogo huyo, ni mimi niliyemwomba alitangulie jeneza kwa pikipiki yake. Alikubali upesi, maana anapenda kutangulia. Ni mimi pia niliyemwomba mlinzi wa makaburi asiruhusu injini yoyote kuunguruma ndani ya geti. Basi ameizima, na hapa ni tambarare, mteremko hakuna. Na wasifu huu nimeufupisha makusudi, injini isije ikapoa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, vua miwani, inuka, ukabonyeze kitufe kabla jeneza halijashushwa, kaka yako akiwa bado yuko nasi. Mtu yeyote asimlazimishe mdogo wangu. Akikataa, nalo ni jibu. Wengine wote tunyamaze, tusikilize.

Lala kwa amani, Fundi Sikio. Masikio yako yalikuwa mazima.