Nyumba Niliyoiogopa Ilipokuwa Kimya

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi pia mlioketi karibu na mlango! Mimi ni Mama Mwenda wa hapa Kibirichia, mjane wa marehemu Gitonga, na mwanafunzi aliyemaliza darasa la nane akiwa tayari ana wajukuu. Kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima. Kunyamaza nimejifunza nikiwa na umri mkubwa zaidi.

Mume wangu alizikwa siku ya Alhamisi, mwezi wa Agosti, mwaka juzi. Mlikuwepo. Mliniona nimesimama wima kando ya kaburi, nikimshukuru kila aliyetoa hotuba, leso yangu ikiwa kavu. Wengi mliisifu imani yangu. Ndugu zangu, tangu jioni ile sikuweza kukaa ndani ya nyumba yangu ikiwa kimya! Niliwasha redio sebuleni na nyingine jikoni, kila moja na stesheni yake. Sikukosa mkutano wowote wa akina mama. Niliomba kwa sauti kuu hadi ng'ombe wakanizoea. Kumbe nilikuwa nikimkimbia Mungu kwa maombi yenyewe!

Februari mwaka jana nilivuna viazi. Kila mkulima wa hapa anajua kwamba kiazi cha mbegu kikitoka shambani hupumzishwa stoo, penye mwanga hafifu, mpaka kichipue. Nami nilijua hilo tangu nikiwa msichana. Lakini kungoja kulimaanisha kukaa nyumbani, na sikuthubutu. Nikavipanda upesi, isipokuwa kreti chache zilizobaki stoo. Mvua ya Machi ikanyesha, mashamba ya majirani yakawa kijani, langu likabaki udongo mtupu. Nilipofukua, nikakuta viazi vimeoza.

Mwanangu Mwenda, anayeishi Kinoru, alikuja kuona.

"Mama, inatosha. Shamba tulikodishe, nawe uhamie kwetu. Kule hakukosi watu."

Nilikubali mara moja! Nyumba ambayo mawe yake niliyabeba kwa mgongo wangu, nilikuwa tayari kuiacha kwa kuuogopa ukimya wake. Tukakubaliana kwamba angekuja na pikapu Jumamosi ya mwisho ya Aprili.

Jumapili iliyotangulia, jirani yangu Mama Kinya, mwenzangu wa kikundi cha maombi, aliingia jikoni kwangu akazima redio bila kuomba ruhusa.

"Washa hiyo!"

"Siwashi. Mama Mwenda, tangu mzee aondoke umemwambia Mungu mengi. Yeye umempa nafasi lini?"

"Umekuja kunihubiria au kunywa chai?"

"Vyote viwili. Chai kwanza."

Alipomaliza chai yake aliniambia nijaribu jambo moja kabla ya kuhama. Kila asubuhi, nikishakamua ng'ombe, nikae stoo peke yangu, bila redio, bila simu, bila hata ombi. Nikae tu mbele za Bwana, kama Yesu alivyojitenga na kwenda mahali pasipo watu.

Jumatatu nilishindwa. Maziwa hayajapoa, nilikuwa nimeshatoka, naosha vikombe vilivyokuwa safi. Jumanne nilijishughulisha na kupanga viazi kwa ukubwa. Jumatano nikakaa. Nikainua macho, nikaliona koti la mume wangu, lililoning'inia nyuma ya mlango tangu alipougua. Nikalia, ndugu zangu! Nililia kilio nilichokuwa nimelinyima kaburi lake. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, na sitawadanganya. Lakini nilipomaliza kulia nilijua kwa hakika kwamba sikuwa peke yangu mle ndani. Hofu iliyokuwa ikinifukuza kutoka chumba hadi chumba ilikuwa imetoka. Haleluya! Alhamisi nilirudi pale stoo bila kujilazimisha.

Jumamosi Mwenda alifika. Nikamsikia akiita uani.

"Mama! Mama, uko wapi? Mbona kumenyamaza hivi?"

"Niko hapa. Keti."

Akaketi. Tukanywa chai bila neno, tukiwasikia kuku wakiparua nje. Kisha mwanangu, mwanamume mwenye ndevu zake, akasema polepole, "Sijawahi kumkumbuka baba vizuri hivi."

Siku hiyo pikapu ilirudi Kinoru na mzigo mmoja tu: redio ya jikoni. Ile ya sebuleni nimeibakiza kwa taarifa ya habari, maana mtu aliyesoma lazima ajue mambo ya nchi. Na zile kreti chache za stoo zilichipua. Nilizipanda kwa wakati wake, nami nikavuna nikiwa mwenye nyumba.

Namshukuru Mungu aliyenisubiri mpaka ninyamaze. Nawe unayeiogopa nyumba yako leo, usiihame kwanza. Zima kinachopiga kelele, uketi. Kilio kikija, ulie. Mtumaini Bwana, kwa maana alikuwa ameketi humo kabla yako. Na ukishindwa peke yako, njoo kwangu asubuhi, baada ya kukamua. Stoo ina viti viwili sasa.