Tanuri la Mwoka Mikate

Mwoka mikate hakuwa na duka tena, hakuwa na akiba, wala hakuwa na wakili. Alibakiwa na tanuri tu. Nilikaa nyuma yake ndani ya basi nikijifanya nasoma gazeti.

"Wakili wa mji wetu ni mmoja, mama, naye ni shemeji wa anayenidai," alimwambia jirani yake wa kiti, karani mstaafu wa mahakama.

"Hukumwambia kitu, natumaini?"

"Nilimwambia hata tanuri nimelificha kwa dada."

Mama alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Pole, mwanangu! Kifaa cha kazi hakichukuliwi mtu akifilisika. Ulificha cha nini? Mwandikie binti yangu, ni wakili huko basi linakoishia; mimi nashuka njiani, kondakta atampelekea."

Akampa karatasi na bahasha. Mwoka mikate aliandika yote, hata ujinga wake. Basi liliposimama kwao, aliilamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi kondakta, akashuka akipiga mluzi.