Mama Nyakerario Anaiacha Bustani ya Wagonjwa

Tarehe 30 Juni 1998, Mama Linet Nyakerario anastaafu baada ya kuitunza bustani ya zahanati yetu hapa Karungu kwa miaka ishirini na minne. Sisi wa jikoni, tunaopika mboga zake, tumeombwa tuandike machache juu yake. Si kazi rahisi.

Alikuja kutoka Rongo mwaka wa 1974, akaonyeshwa kiwanja cha mawe nyuma ya wodi. Alianza na maji ya kuoshea vyombo na samadi ya kuomba kwa wenye ng'ombe. Kufikia msimu wa pili, wagonjwa walikuwa wanakula ugali kwa sukuma wiki na mnavu wa hapa hapa.

Siku hizo alinunua dawa ya wadudu dukani, kama kila mtu. Mwaka wa 1986 familia moja ililetwa hapa ikitapika. Walikuwa wamepulizia mboga zao dawa iliyobaki kutoka shamba la tumbaku, wakachuma kesho yake. Wazazi walipona. Mtoto wao wa mwisho hakupona. Mbegu za mboga zile walikuwa wamepewa na Mama Nyakerario. Hakulizungumza sana jambo hilo, lakini jioni ile chupa zote za dawa zilitoka stoo, na hazikurudi tena.

Tangu hapo alitengeneza dawa yake. Alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka hadi asubuhi, akachuja, kisha akakwangulia sabuni ya kipande ili dawa ishike kwenye majani. Vidukari wakikataa kutoka, aliongeza pilipili na kitunguu saumu. Alinyunyiza kwa ufagio jua likishuka, akigeuza kila jani, kwa sababu wadudu hujificha upande wa chini. Ijumaa alimaliza mapema, maana yeye ni Msabato, na Jumamosi hata vidukari walipata mapumziko.

Kuna siku alichuja pilipili kwa chujio letu la chai. Daktari Bonface alikunywa chai yake kidogo tu, machozi yakamtoka, akauliza, "Mama, hii ni chai ama umenipulizia dawa?"

"Maliza kikombe, daktari," akamjibu. "Wadudu wako wote wataanguka."

Wanawake wengi, kutoka hapa hadi Asumbi, wana mboga nyuma ya nyumba kwa sababu aliwafuata kwao na ndoo yake ya mwarobaini.

Yeye mwenyewe anarudi Rongo bila mahali pa kupanda. Tangu mumewe, Mzee Angwenyi, afariki, shamba linalimwa na shemeji yake, Bwana Okemwa, na tumbaku imefika hadi ukuta wa jikoni kwake. Likizo ya Aprili Mama alipanda sukuma wiki kando ya mlango. Tumbaku ilipopuliziwa, upepo uliileta dawa juu ya mboga zake. Aling'oa zote kwa mkono wake, akazifukia. Aliporudi alituambia, "Nimefundisha watu kula mboga safi. Sasa mimi nitakula ya nani?"

Bwana Okemwa, tumeambiwa utakuwa hapa leo kumchukua shemeji yako. Hakuna kati yetu anayeweza kusimama mbele ya watu akuambie, ndiyo maana tunaandika. Tunajua tumbaku ndiyo karo ya watoto wako. Tunakuomba kwa heshima, ukishavuna, usiipande tena karibu na jikoni. Mwachie kipande upande ambao upepo wa dawa haufiki. Hata kikiwa kidogo, yeye atakijaza.

Mama, asante kwa kila sahani iliyotoka kwenye mikono yako. Wagonjwa wamekuulizia tangu asubuhi. Uende salama, uishi miaka mingi, na uchume mboga zako mlangoni bila kuogopa.