Mama Lebo na Chupa Isiyo na Lebo

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Lebo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa pili na wa mwisho kwa wazazi wake. Dada yake, ambaye sisi watoto tunamwita Mama Mkubwa, alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Wote wawili walilelewa nyumba moja na bibi yao mzaa mama, aliyetibu watu kwa mitishamba na aliyetaka mjukuu mmoja wa kumrithisha kazi. Siku moja aliwaita, akawanusisha majani yaliyotwangwa, kisha akawapa mkaa waandike chochote ukutani. Akawaambia wazazi wao: "Huyu mkubwa ana pua, niachieni mimi. Huyu mdogo ana mwandiko, mpelekeni shule." Ikawa hivyo.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, na sekondari kuanzia 1966 hadi 1969. Hakuwahi kuwa wa kwanza darasani, na alituonya mapema tusije tukadanganya watu siku ya leo. Alikuwa wa nane, na mara moja tu wa sita. Lakini wakaguzi wakija, daftari lililotolewa kabatini lilikuwa lake. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha afya, akahitimu Novemba 1972 akiwa msaidizi wa mfamasia.

Tarehe 8 Januari 1973 alianza kazi katika hospitali ya serikali, dirisha la tatu la dawa, na hapo ndipo alipostaafu tarehe 31 Agosti 2011. Dirisha lenyewe lilibadilishwa kioo mara nne, yeye hakubadilishwa. Enzi hizo vidonge vilitiwa kwenye bahasha ndogo za karatasi. Wenzake waliandika "1x3" wakaita anayefuata. Yeye aliandika: "Kimoja asubuhi ukishakula, kimoja mchana, kimoja jioni. Ukijisikia nafuu siku ya pili, endelea tu mpaka viishe." Kwa asiyejua kusoma alichora jua linalochomoza, jua la utosini na jua linalozama. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Watu walinung'unika kweli kweli, na wiki iliyofuata walirudi kupanga foleni ileile.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mkebe wa chumvi uliandikwa "Chumvi", wa sukari "Sukari". Mkebe wa tatu uliandikwa "Si sukari". Huo ulikuwa na sabuni ya unga, na uliandikwa hivyo baada ya mwanawe wa kwanza, akiwa na miaka sita, kujitilia vijiko viwili kwenye chai.

Juni 1979 alifika dirishani kijana mwenye kikohozi, fundi wa kutengeneza saa. Alipewa dawa. Baada ya siku nne akarudi, akadai hajaelewa maandishi. Akarudi tena, na tena, akiwa hakohoi hata kidogo. Mara ya nne marehemu alimpa bahasha tupu iliyoandikwa: "Kikohozi kimeisha. Sema unachotaka." Akasema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu. Baba yetu alifariki mwaka 2009, na bahasha ile tuliikuta kwenye pochi yake.

Mama Mkubwa naye aliendelea na kazi ya bibi yao katika kibanda chake nyuma ya soko. Dawa zake alizitia kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, bila maandishi yoyote. Kila Jumapili walikula pamoja, na kila Jumapili walibishana.

"Dada, siku moja utampa mtu wa tumbo dawa ya meno."

"Mgonjwa namjua kwa sura, dawa naijua kwa harufu. Karatasi ya nini?"

"Ya mtu asiye na pua kama yako."

Mwisho walikubaliana kwamba kisicho na lebo hakiingii nyumbani kwa marehemu, na marehemu mwenyewe ndiye atakayeandika. Ndiyo maana kabatini mwake kuna kichupa hadi leo: "Mafuta ya dada. Magoti tu. Yananuka, vumilia." Mtoto akipata homa kali, Mama Mkubwa hakumgusa, alimwelekeza dirisha la tatu. Kila mmoja alijua mpaka wa kazi yake. Tuliokuwa hatuujui ni sisi.

Machi 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, miguu ikawa inavimba. Daktari alimwambia moyo umepanuka, akamwandikia dawa aina tano za kila siku. Hapo washauri wakajaa sebuleni. Kila mgeni alikuwa na mzizi wake, na swali lilikuwa moja: dada yako ana dawa, unahangaika na vidonge vya nini? Marehemu alijibu, "Watu nimewaandikia wamalize dozi miaka thelathini na minane, leo mimi ndiyo nitupe?" Mama Mkubwa mwenyewe alileta mizizi ya uvimbe mara moja tu. Marehemu alikwenda nayo kliniki kuuliza. Daktari alisema isichanganywe na vidonge vile. Mama Mkubwa akaifunga, akairudisha mkobani. "Basi," akasema. "Moyo si goti."

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu mwingi hupita haraka. Tangu Jumanne, hapa msibani, watu wananong'ona kwamba Mama Lebo aliuawa na dawa za dada yake. Wanaosema hivyo hatuwalaumu, kwa sababu hawakuyatunga. Maneno hayo yalianzishwa na mtu mmoja, mwanawe wa kwanza.

Jumapili tarehe 12 Januari mwaka huu, mwana huyo aliingia kwa mama yake akakuta mezani chupa ya lita moja, ina maji ya rangi ya majani makavu, haina lebo. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu kingine kisichoandikwa. Mwana huyo ni mwalimu wa hesabu; kwa miaka kumi na minane amewakata alama watoto wa watu kwa kuandika jibu bila kuonyesha njia. Siku hiyo aliandika jibu bila njia. Aliibeba ile chupa, akaimwaga kwenye sinki, akasema mbele ya wote: "Mama Mkubwa, unamuua mama yetu. Naomba usije tena hapa na chupa zako."

Mama Mkubwa alichukua mkoba wake. "Sawa, mwanangu," akasema, akatoka.

Marehemu, akiwa kitini, aliuliza: "Umeuliza, au umejibu tu?"

Mwanawe hakuuliza. Aliwasimulia wadogo zake, majirani na wenzake kazini jinsi alivyomwokoa mama yake.

Wiki kumi na moja Mama Mkubwa hakukanyaga pale. Tarehe 3 Aprili marehemu alianguka mlangoni mwa jikoni, mapafu yamejaa maji. Hospitali waliuliza kama anameza dawa, sote tukasema ndiyo, bila kusita. Dada yetu alipokwenda nyumbani kumchukulia nguo alitafuta sabuni ya kufulia, akafungua mkebe ulioandikwa "Si sukari". Vidonge vya wiki zote zile vilikuwa humo.

Mwanawe wa kwanza alimuuliza wodini: "Mama, kwa nini?"

"Ile ya kutoa maji inanipeleka chooni kila baada ya dakika kumi," alisema. "Na ile nyeupe inanitia kichefuchefu. Dada alikuwa anakuja kila siku na chai yake ya mchaichai. Anakaa mbele yangu, ananiambia, 'Meza, nione.' Nikishameza ndiyo ananimiminia kikombe, ladha itoke mdomoni. Ukamfukuza. Nikawa nasema leo nimechoka, nitameza kesho."

"Ilikuwa chai tu? Mbona hukuiandika?"

"Chai ya dada niiandike ya nini? Naijua."

Saa hiyohiyo mwana huyo alikwenda nyuma ya soko. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba radhi, akayasahau yote, akalia tu mbele ya wateja. Akauliza kwa nini Mama Mkubwa hakujitetea. "Ungeniamini?" alijibu, huku akifunga kibanda. "Futa machozi twende. Saa ya dawa inakaribia."

Wodini daktari aliinusa ile chai aliyokuja nayo Mama Mkubwa, akasema haina neno, mradi maji ya siku yasizidi kipimo. Marehemu aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 14 Aprili. Alipata siku ishirini na mbili, na katika hizo zote hakuruka kidonge hata kimoja. Tulimuuliza daktari zile wiki kumi na moja zilimpunguzia muda gani. Alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, na kwamba hesabu hiyo hakuna anayeweza kuifanya. Mwanawe wa kwanza huifanya kila siku.

Mama Lebo alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa moja na nusu asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Dada yake alikuwa amemshika mkono. Mazungumzo yao ya mwisho tuliyasikia kutoka mlangoni.

"Nimemeza?"

"Umemeza."

"Umeona?"

"Nimeona."

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wakwe watatu na wajukuu saba. Aliyepanga orodha hii kwa kuanza na dada ni mimi, mwanawe wa kwanza, ninayewasomea. Mama Mkubwa, nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nakuomba unisamehe.

Ile chupa iko pale mezani, imejazwa upya asubuhi hii. Nimeibandika lebo kwa mwandiko wangu mbaya: "Chai ya Mama Mkubwa. Haikumdhuru mtu. Aliyeimwaga ni mimi." Tukitoka makaburini nitaanza kuinywa, na atakaye akaribie.

Mama, dozi umeimaliza. Pumzika sasa kwa amani.