Kibuyu cha Peke Yangu

Nathanaeli, sogeza kigoda chako huku kitandani, na wewe Hanna uache hiyo sufuria, uji utaiva bila kutazamwa. Kifua changu hakina tena nguvu ya kupaza sauti, na ninayotaka kusema leo sitaki yasikiwe nusu nusu. Mama yenu angekuwepo angewaambia kwamba mimi nyumbani si mtu wa maneno. Maneno yangu niliyamalizia mjini, kwenye ofisi ya wakili, nikiandika ya watu wengine. Leo nasema yangu mimi Melkizedeki, baba yenu, na mnivumilie nikinyamaza katikati, sitakuwa nimelala.

Nianze na mali, maana mali isiposemwa mapema masikio hayatulii. Shamba la juu lenye kahawa, mpaka pale linapogusa msitu, ni la Nathanaeli. Nyumba hii na migomba inayoizunguka ni ya Hanna, na asije mtu wa ukoo akasema mtoto wa kike hapewi, kwa sababu nimempa nikiwa na akili zangu zote. Ng'ombe mgawane wenyewe, na msigombane juu ya yule mwekundu, ni mzee kama mimi. Kipande cha chini, kinachopakana na mfereji, ni cha Saruni. Aendelee kukaa pale na mbuzi zake mpaka siku yake, na siku hiyo mmzike palepale kama mtu wa nyumba hii. Haya yote nimemwambia mkubwa wa ukoo na nimemwambia mchungaji, kila mmoja mbele ya mwenzake, ili wasije wakageukana. Mali imekwisha hapo. Kuna jambo nitawaomba baadaye, na nimegawa kwanza makusudi, ili mtu asije akasema alilifanya kwa tamaa ya kahawa.

Mnakiona kile kibuyu kwenye msumari karibu na mlango. Mmekua mkijua ni cha baba na hakiguswi. Hanna, ulipokuwa mdogo ulikishika ukitaka kunywa, mama yako akakuchapa mkono, ukaja kwangu unalia. Nikakubeba tu, tukaenda kutazama maji kwenye mfereji.

Kazi yangu mnaijua kwa jina, karani wa wakili. Wakili mwenyewe alikuwa Mhindi, mtu mwema mwenye hasira za karibu, na katika kesi zake aliniachia zile ambazo hazikumletea kitu, kesi za wafungwa. Mtu akivunjwa mguu na jiwe machimboni, au akipofushwa na chokaa, naye ni mfungwa, sheria ya wafanyakazi haikumtambua. Kwa hiyo tulimwandikia maombi ya fidia serikalini, na ili tuandike ilibidi mtu aingie jela, akae naye chini, amsikilize kwa lugha ya kwao. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa Kimeru nimezaliwa nacho na Kimaasai nilikiokota machungani nikiwa mvulana. Sikuanza kamwe na jeraha. Ukianza na jeraha mfungwa anakujibu kama anavyomjibu nyapara, kwa kifupi na kwa woga. Nilianza na jina la baba yake, na ng'ombe wa kwao wana rangi gani, na kama mvua za huko zimewahi au zimechelewa. Wengi walilia hapo, kabla hatujafika kwenye mguu wala jicho, kwa sababu tangu walipoingia hakuna aliyewauliza habari za nyumbani. Niliipenda kazi ile, wanangu. Nasema wazi, niliipenda kuliko kahawa.

Lakini desturi ya ukoo wetu mnaijua. Aliyetoka jela hagusi chombo cha nyumbani mpaka achinjiwe kondoo na apakwe mafuta yake, ndipo anywe maziwa kwenye kibuyu kimoja na ndugu zake. Mara ya kwanza nilipoingia jela kikazi, babu yenu Sadoki, mdogo wa baba yangu, alinichinjia kondoo bila kunung'unika, tukanywa. Baada ya muda nikaingia tena. Akaniambia, "Melkizedeki, wewe unaingia na kutoka mle kama panya ghalani. Kondoo wa mlima huu wote hawatakutosha." Wazee wakakaa, wakaamua nitengewe kibuyu changu na bakuli langu mpaka siku nitakapoacha kazi ile, nichinjiwe kondoo wa mwisho nirudi kwa watu. Wao walidhani nitaacha baada ya mavuno. Mimi nilidhani wataona aibu baada ya mavuno. Mavuno yakapita, mimi sikuacha na wao hawakuona aibu.

Basi nikawa mtu wa kibuyu changu. Kwenye arusi niliwekewa kigoda pembeni, na watu walinisalimia kwa heshima zote, shikamoo nyingi tu, halafu kibuyu cha wote kikifika kwangu kinarukwa, kinakwenda kwa anayenifuata. Mchungaji alihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, nikafurahi, nikamwalika chakula, akaja, akaniambia siku hiyo amefunga. Alifunga kila nilipomwalika. Na mama yenu, Elizabeth wangu, alinipikia, alikaa nami nikila, aliniwekea maziwa kwenye kile kibuyu na kukifukiza vizuri kwa moshi, lakini hakuwahi kukitia mdomoni mwake. Alikuwa binti wa watu wa hapa hapa, aliogopa mkosi wa jela usije ukawapata ninyi. Sikumlaumu. Ila nilipomzika nilikumbuka kwamba miaka yote ile hatukunywa pamoja, na jambo hilo linaniuma mpaka sasa kuliko kifua hiki.

Babu yenu Sadoki alikufa kabla hatujalimaliza; kazi niliiacha, kondoo wao nilimkataa. Mkisikia mtu anasema nilimsamehe, mwambieni sikumsamehe sawasawa. Nilichoka tu kumkasirikia.

Hanna, nipe maji kidogo. Inatosha.

Sasa Saruni. Mnamjua kama mzee wa mbuzi mwenye mkono mmoja, mnamcheka anavyowasemesha mbuzi wake. Huyu alifungwa kwa kodi, na akiwa mfungwa alipelekwa machimboni, jiwe likateleza kwenye lori likamponda mkono. Nilimwandikia maombi yake vizuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Ilikuwa ule mwaka waliposhusha picha ya mfalme pale Boma, kwenye ofisi za serikali, wakatundika ya malkia. Maombi yakakubaliwa kusikilizwa, wakili akafurahi akaninunulia viatu, tukasimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyeamua kesi, mimi nikiwa nimeapishwa kutafsiri kweli tupu. Bwana Shauri akasema nimwulize kama bado ana neno na jela. Nikamwuliza. Saruni akajibu, ametulia kabisa, "Sina neno. Tulikunywa."

Nikamwuliza walikunywa nini, na nani. Ndipo akaeleza, na hakuwa amenieleza kabla, maana nani angefikiri kuuliza habari za chai. Siku ile ya ajali yule Mzungu msimamizi wa machimbo, kijana bado, alipoona damu alimkimbilia, akamimina chai yake mwenyewe, akaionja isije ikamchoma mgonjwa, akampa Saruni kikombe kilekile. Kwa yule kijana ilikuwa chai. Kwa Saruni, Mwarusha wa Elerai, ukishakunywa chombo kimoja na mtu aliyekumwagia damu, shauri limekufa, na atakayelifufua ndiye mwenye kosa. Alikuja pale Boma kwa sababu nilimwita, akidhani tunakwenda kumshuhudia yule Mzungu kwamba ni mtu mwema. Nami nilikuwa nimeapa. Nikatafsiri. Maombi yakafutwa, na Saruni akampa Bwana Shauri mkono aliobaki nao.

Tulitoka nje nimejaa hasira hata nikashindwa kuvaa kofia. Nikamwambia amejiharibia, hatapata kitu, atalima na nini. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Mzee, mimi yule kijana alikunywa na mimi. Wewe unayetuandikia sisi wote, kwenu nani anakunywa na wewe?" Sikuwa nimemwambia mtu. Nadhani wafungwa wanaitambua haraka sura ya mtu anayekula peke yake. Nikamweleza habari za kibuyu palepale barabarani, watu wa soko la Tengeru wanatupita na mikungu yao, nami nalia mchana kweupe na viatu vipya miguuni.

Alinifuata mpaka hapa. Akaingia mlango ule, akakishusha kibuyu kwa mkono mmoja, akanywa, akasema maziwa ni mazuri ila moshi umezidi. Nikamwuliza, hana hofu? Akasema, "Nimetoka huko huko, jela itanifanya nini tena?" Ndiyo sababu kipande cha chini ni chake. Siyo huruma, mnisikie vizuri. Huyo ndiye mtu pekee niliyekunywa naye tangu nilipokuwa kijana, na msimwondoe.

Nimechoka, wanangu. Nimalizie.

Nikifa mnizike karibu na mama yenu, asubuhi, na wimbo mmoja unatosha. Wazee watataka kunichinjia kondoo kabla sijashushwa, wanitakase. Mkatae. Nathanaeli, ukatae kwa adabu, lakini ukatae, uwaambie baba alisema hakuchafuka. Niliwauliza watu majina ya baba zao. Hilo halichafui mtu. Na kibuyu changu msikivunje wala msikizike na mimi. Kiwekwe pamoja na vingine.

Sasa ombi langu. Kishushe, Nathanaeli. Hanna alikitia maziwa asubuhi, nilimwagiza mimi. Nataka mnywe, wote wawili, nikiwa bado naona. Najua mkeo ana mimba, na najua unachoogopa. Mama yako aliogopa hichohicho juu yako. Siwezi kukucheka. Ukishindwa, kitundike tena, shamba la juu ni lako vilevile na baraka yako ni ileile. Lakini mimi nimengoja muda mrefu sana, na sitaki kuondoka ndani ya nyumba yangu kama mgeni.

Hanna. Mpe dada yako aanze, Nathanaeli.

Haya. Haya, mwanangu. Taratibu, usimalize, kaka yako bado anafikiri.

Mungu awape... ngoja. Mungu awape nyumba yenye kelele. Awape watu wa kula nao. Mvua iwakute mmekwisha panda. Watoto wenu wasitengewe bakuli. Mkiona mtu amewekewa kigoda pembeni, hamisheni chenu mkakae naye, hata kama ni...

Unakwenda wapi na kibuyu, Nathanaeli? Nje kuna baridi.

Ah. Unamwita Saruni.

Vema. Aingie. Sogea, mzee, kaa hapa miguuni, ninakuona kidogo tu.

Na wewe Nathanaeli, inama. Karibu zaidi. Una maziwa kwenye sharubu.

Usiyafute.